Kinacholia

Fremu niliitoa kwenye banda la Wendell Kallio,
nyuma ya ngazi, chini ya nyavu za kuku,
kwa dola ishirini na kikapu cha matufaa.
"Imekaa humu tangu nina nywele," akasema,
akaiburuta nje, theluji ikaiona tena.

Bomba mbili zimepinda kama mgongo wa paka anayejinyoosha,
na katikati yake kitangi cha bati kisichojua petroli,
kilichowekwa ili mtoto ajidanganye ana pikipiki.

Usukani ulikuja kwa posta kutoka Tulsa, mpana kama pembe za ng'ombe,
umeviringwa gazeti la mwaka ambao baba alikuwa bado anapakua makaa bandarini.
Madigadi ya mbele yalikuwa ya mgawa magazeti;
ya nyuma sijui ni ya nani, na yenyewe hayasemi.
Gurudumu moja la Sandusky, jingine la mnada wa kanisa.
Watoto wa mama mbalimbali,
nikawaambia: humu mtakula sahani moja.

Wasemao ya kale ni dhahabu
hawajawahi kuyasugua.
Miezi minne, gerejini kwangu Ashtabula,
hita inakohoa, Ziwa Erie limeganda hadi kwenye mnara wa taa,
nami na siki, na msasa, na mswaki wa marehemu mume wangu.
Chini ya rangi nyeusi, buluu.
Chini ya buluu, wekundu wa ulimi wa mtoto aliyelamba peremende.
Hapo nikasimama. Sikutaka kujua zaidi.

Uma haukuingia. Nati zilikuwa za kipimo kingine,
nikatamka maneno ambayo mama, Mfini wa kiti cha mbele kanisani,
angeniosha nayo mdomo.
Gololi kumi za ekseli zikadondoka sakafuni.
Nikaokota tisa.

Aprili, barafu imevunjika, nikapanda.
Nyii-ka. Nyii-ka. Kila pedali ikishuka.
Nikarudi, nikafungua kreni, nikatia grisi.
Nyii-ka.
Nikakaza tandiko, nikalegeza mnyororo,
nikafumua gurudumu la Sandusky spoki kwa spoki.
Nyii-ka.
Mara ya nne nikamwita Odalys, binti wa jirani, ana miaka tisa,
akakimbia kando yangu ameinama, sikio chini,
kama daktari anayemfukuza mgonjwa.
Tulipofika kwenye daraja akasimama, anahema.

"Baiskeli haina kitu, Bibi Irma.
Ni goti lako."

Goti la Cleveland, la chuma,
walinitilia mwaka juzi, wakanipa kadi ya namba yake.
Kati ya vipuri vyote, hicho tu ndicho kipya.

Tukateremka mtaa wa bandari bila kukanyaga,
kimya kabisa, buluu, nyekundu, kutu kidogo shingoni.

Ile gololi ya kumi niliikuta Mei, kwa unyayo, peku.
Sijairudisha.
Imo mfukoni, inagongana na funguo.