Kisiki Katika Kituo cha Nne

Kila Septemba nilifika na faili la bluu,
kamera, futi kamba na viatu vya mpira,
na Bi Tapkigen alitangulia kuingia umandeni.
Hakuhitaji ramani. "Jiwe la mpaka liko hapa,"
akasema, akalipiga teke taratibu chini ya magugu
kama mtu anayemwamsha mbwa wake.

Eka tisa, kutoka uzio wa ng'ombe
hadi ukingo wa Mto Njoro:
hapalimwi, hapakatwi mti, hapagawanywi.
Ndivyo tulivyoandika, kurasa kumi na moja,
naye akatia dole gumba kila ukurasa,
akautazama wino, akacheka:
"Leo mmeniozesha mto, na mahari sijaona."
Tulimletea tangi la maji, lita elfu tano.
Akaliita Mahari hadi alipokufa.

Mwaka huu langoni alisimama Kibitok, mwanawe.
"Mama alitia kidole. Changu ninacho bado."
Nikamfungulia kipengele cha saba:
hati haimfuati mtu, hufuata udongo;
anayerithi shamba
hurithi na neno lililosemwa juu yake.
Nilikisoma kwa sauti ya ofisini.
Niliichukia sauti ile.

Akanitajia bei. Kuna mtu wa Nakuru mjini,
ana pesa mkononi, anataka hamsini kwa mia,
ploti sabini na mbili,
vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo.
"Na mto wa nini? Maji yatatoka bombani."
Sikujibu. Sikuwa na jibu lenye tarakimu.

Tukatembea.
Kituo cha kwanza: picha kuelekea mashariki. Sawa.
Cha pili: mtamaiyo, mizizi imeushika ukingo
kama mlezi aliyemdaka mtoto kiunoni.
Cha tatu: mbega wanne, juu kabisa,
mikia myeupe ikining'inia bila haraka.
Kibitok aliwahesabu kimoyomoyo.
Niliona midomo yake.

Cha nne: kisiki.

Mtarakwa. Mkato mpya, wekundu wa ndani
bado unanukia penseli iliyochongwa asubuhi.
Fomu yangu ina nafasi ya jambo hili.
Ukiukaji. Aina ya mti. Kipenyo. Sababu.
"Nani?" nikauliza.
"Mimi."
Mto ukapita kidogo baina yetu.
"Aliuchagua mwenyewe, tangu mwaka juzi.
Alisema mbao za dukani hulia usiku.
Nikaukata, nikaupasua, fundi akapiga randa.
Ulitosha jeneza, na kipande cha msalaba."

Kazi hii nimeifanya miaka tisa.
Nimeandikia watu barua kwa sababu ya tanuri la mkaa,
kwa sukuma wiki iliyolimwa mpaka miguu ya maji,
kwa ukuta uliojengwa Jumapili sisi tukiwa kanisani.
Katika kurasa zote kumi na moja
hakuna palipoandikwa la kufanya
mti ukimfuata aliyeulinda.

Kibitok akashika ncha ya pili ya kamba.
Sentimita arobaini na tatu.
Kwenye Sababu niliandika: mazishi ya mwenye ardhi.
Halafu pembeni, pasipo na mstari wowote,
nikaongeza: mti umepanda mlima
mita mia mbili. Haujatoka shambani.

Meneja atauliza. Aulize.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Kibitok.
Akaitazama, akairudisha.
Ikatetemeka tena. Mara ya tatu
akapokea, akaupa mto uso:
"Bado," akasema. "Niko na mtu wa kupima."
Sijui "bado" ile ina urefu gani.
Akaikunja kamba vizuri kuliko mimi,
akaitia kwapani,
akapiga teke nyasi kulitafuta jiwe lililofuata,
tukaelekea kituo cha tano,
yeye mbele.