Hodi ya Tatu

Leo asubuhi, darasa la sita B, skuli yetu hapa Wete,
niliandika ubaoni: TUNU ZA TAIFA.
Utu. Uhuru. Amani.
Chaki ikakatika kwenye Umoja,
nikamalizia kwa kipande kidogo kama jino la mtoto.

Shaame wa dawati la nyuma,
ambaye tangu Januari hajauliza kitu
ila ruhusa ya kwenda msalani,
akanyoosha mkono:
"Mwalimu, tunu hizi huvuka bahari?
Au askari akipanda meli huziacha gatini
pamoja na wanaompungia?"

Kengele ikaniokoa.
Nimerudi nyumbani na madaftari arubaini na moja
na swali hilo.

Ukumbini mwanangu Khelef anapiga pasi sare.
Jumatatu anaondoka, kwenda nchi
ambayo jina lake nimelijulia redioni
na mito yake sijui hata mmoja.
"Tunakwenda kulinda raia, mama,"
kwa sauti ile ile ya zamani
ya kusema si yeye aliyemaliza halua ya Idi.
Simwiti mwongo.
Pengine ni kweli. Pengine ni kweli Jumatatu,
ikifika Ijumaa ikawa nyengine.

Bibi yake bibi yangu alikuwa Unguja
siku manowari zilipolipiga kasri.
Aliinjika maharage chini ya bendera moja,
akaja kuyaepua chini ya nyengine,
na maharage, alisema, yalikuwa bado mabichi.
Wale nao walikuja kuweka mambo sawa.
Sijasikia mzinga uliokuja bila sababu nzuri.

Kwetu mtoto hajajua alifu wala be,
keshafunzwa hodi.
Mara tatu. Usipojibiwa, geuka urudi,
wala usichungulie dirishani.

Lakini upo usiku mmoja wa masika
nyumba ya Faki ilipopiga ukelele.
Bi Zuwena ndiye aliyelia, kisha mtoto,
kisha mtoto peke yake.
Mtaa mzima tukajivuta mashuka hadi masikioni:
ya ndani mwao hayo, ya ndani mwao.

Mama yangu, Bi Tatu,
ambaye hata kwa dada yake haingii bila karibu,
alitoka na mchi wa kinu.
Akapiga hodi ya kwanza. Akangoja.
Ya pili.
Ya tatu akaipiga kwa bega.

Faki alipoachia, na mama akaachia,
mchi ukalala pale pale sakafuni.
Akatoka na Zuwena, mtoto mgongoni.
Hakukaa kitini. Hakufungua kabati.
Hakuuliza funguo ziko wapi
wala nani sasa atakuwa mkubwa wa nyumba ile.

Asubuhi akarudi na fundi seremala,
akamlipa kwa fedha yake ya makonyo.
"Mlango nimeuvunja mimi," alisema.
Basi. Hakusema jengine.

Ningependa hadithi iishie hapo.
Zuwena alirudi kwa Faki baada ya miezi miwili,
na mwaka mzima hakutuamkia.
Kuna waliosema: unaona?
Mama alikuwa akipeta mchele.
Aliendelea kupeta.

Nimekwenda kufungua sanduku lake,
chini ya kanga zinazonuka udi na mende.
Ipo, imeshika kutu, imepinda upande mmoja.
Nimemwekea Khelef mfukoni mwa begi, kati ya soksi.
Ameiona. Haoni la kuomba msamaha
ila huona kila kinachofichwa.

"Hii nini, mama?"
"Bawaba."
"Ya nini?"
"Ya mlango utakaouvunja."

Akacheka.
Kisha akaacha kucheka, akasimama nayo kiganjani,
akiipima uzito,
mpaka harufu ikatushitua sote wawili:
pasi ilikuwa imelala juu ya sare.