Macho ya Kapteni

Nimemchora mtu huyu mara tatu
na kwao sijawahi kufika.
Ni ukutani, nje ya kinyozi cha Andayi, stendi ya Luanda,
pale barabara inapogawana: hii Siaya, hii Busia.

Mara ya kwanza alikuja amefungia omena,
kipande cha gazeti kilicholowa mafuta:
Kapteni Isaka Sanfo, miaka thelathini na mitatu,
bereti nyekundu, mashavu yameingia ndani.
Andayi alitusomea kwa sauti, wembe mkononi:
amepiga mnada magari ya ikulu,
mshahara wake ameukata nusu,
kazini huenda kwa baiskeli.
"Mchore," akaniambia. "Wateja wawe na cha kutazama
zaidi ya visogo vyao."
Ilinichukua siku mbili. Macho peke yake, asubuhi nzima.
Malipo: shilingi mia sita, na kunyolewa bure hadi Krismasi.

Mara ya pili alivua gwanda.
Uchaguzi ulikuja, akashinda kwa asilimia tisini na kitu,
nami nikampaka suti juu ya jeshi, tai ya buluu.
Kifungo kimoja cha shaba kilikataa kufichika.
Nikakiacha. Andayi aliwaambia watu ni beji.

Mara ya tatu, joho jeupe, pana kama hema la matanga.
Katiba ilikuwa imefanyiwa marekebisho
na shingo nayo vivyo hivyo.
Nikaongeza shavu, nikaongeza kidevu,
kahawia ikaniishia katikati ya sikio la kushoto.
Mwalimu Keya, mstaafu, povu likiwa bado kidevuni,
aliuliza ile baiskeli ilikwenda wapi.
Hakuna aliyecheka. Feni ilizunguka.

Halafu redio ikataja soko moja la huko,
wanawake waliogomea kodi ya vibanda,
na risasi.
Andayi aliizima, akaendelea kunyoa,
mteja akatoka na kipara upande mmoja.
Usiku ule ukuta ulipigwa tope.
Aliyelirusha namjua. Anauza ndizi ng'ambo ya barabara.
Ana kibanda. Analipa kodi.

Juzi Andayi kanijia na simu:
ndege imeondoka na Sanfo kabla ya alfajiri,
haijulikani imemshusha wapi.
"Mfute."
Basi nikapanda stuli, ndoo ya maji, brashi ya waya.
Joho likaenda, tai ikaenda,
mvua ya saa tisa ikaja kunisaidia,
na chini ya yote bereti ikachungulia,
nyekundu vilevile, kama jana.

Nilipofika machoni Andayi akanishika mguu.
Akainua simu tena:
luteni fulani, nchi hiyo hiyo, miaka thelathini na mmoja,
amekataa kulala ikulu.
"Hapo usiguse," akasema.
"Macho hayo yatamfaa."