Wiki ya Saba, Kitami

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jembe la theluji halijapita,
nimeona doa.
Si jekundu. Rangi ya chai iliyosahauliwa birikani.
Nimekunja karatasi, nikaikunjua, nikaitazama tena
kama mtu asomaye barua ya deni
akitumai jina si lake.

Tatsuhiko yuko nje, anahangaika na gari lililoganda.
Sijamwita.
Neno likishatoka halirudi,
nami leo naogopa kila kitokacho.

Ghalani tunachambua vitunguu:
vikubwa kulia, vidogo kushoto, vilivyooza miguuni.
Hapa hakuna amuulizaye mwenzake kwa nini macho mekundu.
Bi Kinue amenitazama mara moja tu,
akanisukumia kiti chake, akasimama yeye mpaka saa sita.
Kila nusu saa naenda chooni
kama mlinzi anayekagua kufuli.
Doa la tatu lilikuwa jekundu.

Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata.
Mimi ndiye mtungi, na sijui.

Daktari Murase ana mikono baridi, na huiombea radhi.
"Kifuko kipo. Mapigo bado sijayaona.
Huenda ni mapema mno.
Wengi hutokwa damu na wakajifungua salama. Wengine..."
Akaiacha sentensi wazi kama mlango, baridi ikaingia.

Nikamwuliza kuhusu kreti niliyoinua Jumatatu,
ngazi niliyoteleza, kahawa,
na usiku ule, nimeinamia sinki natapika,
niliposema: laiti isingekuwa hivi.
Akasema, si kreti. Si ngazi.
Wala maneno hayaui.
Nimelileta jibu hilo nyumbani
na sijapata pa kuliweka.

Tatsuhiko sasa anajua.
Ameendesha polepole, akikwepa hata vivuli.
Ameniuliza nitakula nini.
Wali, nimesema. Na chumvi.
Ameupika ukawa bokoboko, nikaumaliza wote.

Nirudi Jumanne. Leo ni Alhamisi.

Ewe usiye na jina, usiye hata na mapigo ya kuonekana,
sitakubembeleza; mimi mwenyewe hubembelezwa nikakasirika.
Nakwambia tu nipo hapa, nimelalia ubavu wa kushoto,
pedi safi, taa imezimwa.

Jembe la theluji ndiyo kwanza linapita, limechelewa kutwa nzima,
linakwangua barabara
mpaka kwenye lami.