Shilingi ya Mia

Baba alisoma prufu miaka ishirini na sita
katika kiwanda cha chapa, Eneo la Viwanda.
Wino mwekundu haukumtoka chini ya kucha
hata siku ya arusi ya dada yake, Voi.

Desemba ya tisini na tisa, Nairobi ilipohesabu
sekunde kinyumenyume,
majirani wakijaza maji kwenye mitungi
kompyuta zisije zikasahau kuamka,
yeye alirudi Jericho saa mbili usiku, akavua viatu,
akala kiporo cha sukuma, akajifunika.
"Karne haijaisha," alisema ndani ya shuka.
"Bado mwaka mzima."

Kichwa cha habari alikuwa amekiona mchana:
KARNE MPYA YAINGIA.
Alikizungushia duara, pembeni akaandika
kwa mwandiko mdogo: Haijaingia. Tafadhali.
Gazeti lilitoka vilevile.

Ukimuuliza, alimwaga sarafu mezani.
"Mwaka wa kwanza uliitwa moja, haukuitwa sufuri.
Hapa mjini ukiingia jengo unakuta ghorofa ya chini,
ndipo upande uifikie ya kwanza.
Aliyejenga kalenda hakuweka ya chini.
Sasa nikikudai mia, ukanihesabia tisini na tisa,
utaniambia tumemalizana?"

Na jina je? Mwaka wa uhuru
unaanza na kumi na tisa,
mbona karne yake ni ya ishirini?
"Mtoto wa miaka miwili na nusu
yumo ndani ya mwaka wake wa tatu.
Kitu huitwa kwa jina lake
kabla hakijatimia. Hata wewe."

Mghoi alizaliwa Agosti iliyofuata, Pumwani,
mwaka wa mgao wa umeme.
Muuguzi alimwinua kwenye mwanga wa taa ya chemni:
"Huyu ni wa karne mpya!"
"La," alisema Baba, akimpokea. "Kitinda mimba wangu,
na kitinda mimba wa karne."
Akayaandika hayo nyuma ya kadi ya kliniki,
kwa rangi unayoijua.

Kisha Desemba tena. Alituamsha saa sita kasorobo,
tukasimama kwenye bomba la maji, Mghoi mgongoni kwa Mama.
Hakuna fataki. Hakuna honi.
Mbwa mmoja tu, na Odek, bawabu wa zahanati,
aliyekuja na rungu kuuliza nini kinaungua.
Baba alimpa soda.
"Karne imekwisha sasa hivi."
Odek akaitazama saa yake: mishale yote miwili
juu ya kumi na mbili.
"Saa sita," alisema.
"Enhe," alisema Baba,
na kwa mara ya kwanza usiku ule alicheka,
maana jicho lilisoma kumi na mbili, mdomo ukatamka sita,
na hakuna aliyetaka kumsahihisha mwenzake.

Mwaka jana tulimzika Lang'ata.
Fundi wa mawe alituletea karatasi ya mfano:
miaka miwili, kistari katikati,
na juu yake, kwa herufi za madaha, MGANGA.
Sisi ni akina Mghanga.
Mimi nilikuwa bado natafuta la kusema.
Mghoi akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu,
akatia alama pale herufi ilipokosekana
na pembeni, kwa mwandiko mdogo:
Tafadhali.