Nyumba Ndogo

Majirani waliipa jina kabla sijaipa mimi:
"Bi Mwanatumu ana nyumba ndogo!"
Wakacheka mpaka kamba za nguo zikatikisika.
Nami nikacheka. Si uongo.
Iko uani, hatua kumi na tisa kutoka jikoni,
futi kumi kwa kumi na mbili, choo ndani,
pale palipokuwa na banda la kuku
na mlimau usiozaa.

Marehemu Msellem naye alikuwa na yake,
ng'ambo, Likoni.
Niliijua siku ya tatu ya matanga,
si kwa mdomo wa mtu. Kwa risiti.
Ilikuwa mfukoni mwa koti lake la bandarini,
imekunjwa mara nne kama hirizi:
mabati ishirini na mawili, geji thelathini,
misumari ya kofia kilo tatu.
Jina la mteja: yeye.
Pa kupeleka: si hapa.

Mwingine angeichana.
Mimi niliitia kwenye kopo la majani ya chai
pamoja na vyeti vya watoto.
Hapa Mikindani paa letu lilikuwa likivuja
miaka yote ile,
pembeni mwa kitanda, upande wangu.

Kiinua mgongo chake kilipotoka,
baada ya miezi kumi na saba ya njoo kesho,
nikaichukua risiti, nikaenda duka lile lile.
Kijana wa kaunta akaigeuza, akaigeuza tena.
"Mama, bei hii imekufa."
"Najua," nikamwambia. "Aliyelipa pia."

Fundi Nyawa akaja na vigingi, na kamba,
na hesabu yake ya kichwani.
Saruji alisema mifuko thelathini.
Ikaliwa arobaini na mmoja.
"Nyumba ni mtoto, Mama. Haijui bajeti."
Kila Ijumaa alikuwa na mgonjwa kwao,
kila Jumamosi mgonjwa kapona, anadai advansi.
Akaja na mtu wa kaunti, na kalamu nyuma ya sikio,
akauliza kibali.
Nikampa kibali.
Sijapata kuona mtu akisikitika vile.

Kwenye mlango ndipo tulipogombana.
Fundi alitaka uelekee jikoni kwangu:
"Umwone mpangaji akiingia,
na anayeingia naye."
Nikasema hata. Uelekee uchochoroni.
Nilikaa na mtu miaka thelathini na mmoja
nikidhani mlango wake nauona.
Mpangaji awe na wake, na ufunguo wake.
Mimi nataka kodi.
Siri sizitaki, hata za bure.

Daftari linasema laki tano na elfu arobaini.
Kodi elfu tisa.
Miezi sitini, basi,
asihame mtu, bomba lisipasuke,
mchwa wasipate habari.
Nitakuwa na sitini na tisa
ndipo shilingi ya kwanza iwe yangu.

Amekuja Nyamvula, anashona mashati kiwandani,
zamu ya usiku.
Godoro, mtungi wa gesi, ndoo mbili,
na cherehani aliyoibeba mwenyewe,
hakutaka mtu aiguse.
Alihesabu noti mbele yangu, akazihesabu tena,
kisha akauliza kama rangi ya ukuta inatoka kwa maji.
Inatoka. Nilimwambia haitoki.

Usiku wa jana mvua ikaja kwa kishindo.
Nikaamka kwa mazoea,
nikaweka sufuria upande wangu wa kitanda.
Kule uani mabati mapya yalipiga makelele yote
bila kuingiza tone,
na mwenyewe hakuwepo, yuko kwenye vifungo na kola.
Nikakaa gizani, mwenye nyumba mbili,
nikisikiliza sufuria ikihesabu.

Kodi ya mwezi huu haiingii daftarini.
Ni mabati sita, na misumari.
Kijana wa kaunta nitamwambia aandike vizuri, asomeke:
Jina la mteja: Mwanatumu.
Pa kupeleka: hapa.