Muhogo Usioiva

Nina mihogo miwili mezani, Naliendele.
Tuta moja, asubuhi moja ya kung'olewa,
hata mvua iliyoinywesha ni moja.
Nimeikata vipande sawa kwa rula,
nikaitia sufuria moja, nikabonyeza saa.

Dakika ya ishirini wa kwanza umepasuka,
unacheka unga, uma unazama wenyewe.
Wa pili, saa nzima sasa, bado unagonga bati
kama mtu aliyefungiwa nje.

Mama yangu aliujua mlio huo.
Ilikuwa Kitangari, kwenye msiba wa baba mkwe wake,
mafiga matatu, masufuria ya kuazima,
na yeye, Somoe binti Nampunju, mke wa miezi saba,
alichochea kuni tangu adhuhuri
na waliotoka makaburini wakala maharage matupu.
Wifi yake hakupunguza sauti:
"Mkono wake ndio mgumu. Huyu ana kitu."
Neno hilo likahamia jikoni kwake,
likakaa miaka, likimtazama akikoroga.

Mimi sikusomea sayansi kwa sababu hiyo.
Nasema uongo. Ni kwa sababu hiyo.

Sikiliza basi, wifi, huko ulikolazwa:
haukuwa mkono, ulikuwa ukuta.
Kila seli ya muhogo hujijengea chumba
kama tunavyojenga sisi: fito, kisha udongo.
Fito ni selulosi. Udongo ni pektini,
nyuzi zinazoteleza, kila uzi umevaa
vikofia vya methili, vidogo kupita kutajika.
Zikiwa na kofia nyuzi hazishikani;
maji ya moto yakija zinaagana bila ugomvi
na muhogo unaiva.
Lakini kuna kimeng'enya, fundi asiye na mikono,
hupita akivua kofia hizo, moja, moja,
na kalsiamu, yule mshenga, anaingia katikati,
anamshikisha huyu mkono wa yule:
ndoa isiyovunjwa na kuni za mkorosho.

Na fundi haji bila kuitwa.
Jeni ndiyo inayomwita. Nimeikodolea macho
kwenye kompyuta mpaka yakavimba:
herufi moja mahali pa nyingine, basi.
Mzizi huu humwita mapema, na tena, na tena.
Ule humwita kwa kusitasita, kama anayedaiwa.

Jumamosi nikampelekea mama michoro yangu.
Alikuwa anabangua korosho, vidole vyeusi.
Akanisikiliza mpaka mwisho, hakulia,
mimi nilidhani atalia.
Akauliza: "Kwa hiyo huyo fundi mtamfukuza?"
Tunaweza, nikasema. Kwa kuchagua mbegu,
kwa kuzalisha, msimu hadi msimu.
Akapuliza majivu.

"Mwaka ule wa njaa, wewe ukiwa mgongoni,
ile laini yote waliimaliza fuko na ngiri.
Fuko aliung'ata huo wako mgumu, akauacha.
Tuliupasua kwa shoka, tukauanika juu ya paa,
tukatwanga mpaka viganja vikachubuka.
Ugali wake ndio uliokufikisha shule."
Akachagua korosho nyingine, akaigeuza.
"Wifi naye alikuja kuomba.
Nilimpimia pishi mbili."

Sikuwa na mchoro wa jambo hilo.

Jumatatu nimerudi kazini.
Kwenye daftari, palipoandikwa "tupa",
nimekata kwa wino.
Safu nne za mgumu zitapandwa tena,
ukingoni, upande wanaotokea ngiri;
kuhusu laini, kazi inaendelea,
watu wanataka kula mapema na wana haki.

Kipande cha pili kingali ndani ya sufuria,
maji yameshapoa.
Nimekigonga kwa kijiko.
Kimejibu.